Kagemusha: mbinu ya kweli ya vita, au chumvi ya wasimulizi?

Mleta Mada

Wadau, hoja iko mezani. Neno la Kijapani kagemusha limeundwa na kage, yaani kivuli, na musha, yaani askari mwenye deraya. Ni mtu anayevishwa sura na mavazi ya mkubwa ili adui amdhanie ndiye. Wengi tumelijua kupitia filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1980, ambamo mwizi aliyekuwa auawe anaokolewa kwa sababu amefanana na mtawala Takeda Shingen kama shilingi kwa ya pili.

Swali: je, katika historia ya Japani watu hawa walikuwepo, au ni uzushi mtamu wa karne za baadaye?

Mimi nasema walikuwepo, na shahidi wangu ni Shingen huyo huyo. Alifariki Mei 1573 huko Shinano akiwa njiani kurudi kwao Kai. Kitabu cha ukoo wake, Kōyō Gunkan, kinasema aliusia kifo chake kifichwe miaka mitatu, na alikuwa ameacha karatasi tupu 800 zilizokwisha kutiwa sahihi yake ili barua ziendelee kutoka. Ukoo jirani wa Hōjō ulipotuma mjumbe, Itabeoka Kōsetsusai, kuja kuchungulia hali, aliketishwa mbele yake mdogo wake Shingen, Nobukado, aliyefanana naye sana. Mjumbe akarudi Odawara, makao ya Hōjō, akasema mzee yu hai. Maziko rasmi yakafanyika katika hekalu la Erinji mwaka 1576. Usia, karatasi, ndugu wa kufanana naye na tarehe ya maziko: mnataka nini zaidi?

Mchimba Nyaraka

Mkuu, nataka mtu aliyedanganyika.

Tuanze na kitabu chenyewe. Kōyō Gunkan kilipangwa na kusambazwa na Obata Kagenori mwanzoni mwa karne ya 17, Takeda wakiwa wameshafutika. Mwaka 1891 mwanahistoria Tanaka Yoshinari alikishambulia kwa makosa ya tarehe na matukio, na kwa miaka mingi wasomi wakakiweka kando. Baadaye mtaalamu wa lugha Sakai Kenji alionyesha kwamba Kijapani chake ni cha zamani kweli, cha karne ya 16, hivyo si kitabu cha kutupwa. Ila lugha ya zamani haithibitishi kila kisa kilichoandikwa kwa lugha hiyo.

Sasa angalia majirani walifanya nini. Shingen hajapoa vizuri, habari kutoka mkoa wa Hida zimeshamfikia hasimu wake Uesugi Kenshin kwamba mzee ni mgonjwa au amekufa. Mwezi uliofuata Tokugawa Ieyasu alikuwa anaingiza askari Suruga, ardhi ya Takeda, kupima kama kuna mtu nyumbani. Kabla mwaka haujaisha akawa ameitwaa ngome ya Nagashino. Oda Nobunaga naye mwaka huo huo wa 1573 alimfukuza shogun (mtawala wa kijeshi wa Japani) Ashikaga Yoshiaki kutoka Kyoto, kisha akazimaliza koo za Asakura na Azai. Watu wanaoamini kwamba simba bado yuko pangoni hawachezi hivyo mlangoni pake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hata kauli rasmi ya mwanawe Katsuyori ilikuwa kwamba baba anaumwa na amestaafu, si kwamba yuko kazini. Kwa hiyo kagemusha wako mashuhuri kuliko wote alifanya kikao kimoja. Kikao kimoja hakifanyi desturi.

Fundi Deraya

Nyote mmeng'ang'ania uso, na uso ndio kitu cha mwisho katika shughuli hii.

Zama zile hapakuwa na picha. Mchoro maarufu wa Shingen, lile pande la mtu lililokaa na mwewe pembeni, kazi ya Hasegawa Tōhaku iliyoko mlima Kōya, ulichapwa vitabuni kwa miongo mingi. Leo wasomi wengi wanasema huenda si yeye hata kidogo, kwa sababu nembo ya ukoo iliyomo si ya Takeda. Ikiwa vizazi vizima vya Wajapani vilimkosea Shingen kwenye mchoro mmoja, adui aliye hatua mia tano kwenye ukungu atamjua kwa nini?

Atamjua kwa vitu. Kwanza kofia ya chuma: kila mkubwa alikuwa na yake yenye pembe, mwezi mwandamo au manyoya, na ya Shingen husimuliwa kuwa na manyoya meupe marefu ya yaki, ng'ombe wa Tibet. Pili barakoa ya chuma inayofunika kuanzia puani hadi kidevuni, ukibaki macho tu. Tatu koti la juu la vita. Nne, na hili ndilo kubwa, alama ya kamanda inayobebwa karibu naye. Ya Ieyasu ilikuwa kipepeo kikubwa cha dhahabu, kile cha kujipepea. Tano, walinzi na farasi. Hamisha vitu hivyo vitano na umehamisha mtu. Kufanana kwa sura ni nyongeza.

Kinachokwamisha ni kazi. Kamanda haketi kwenye kiti chake kama pambo. Wajumbe wanakuja mbio (wale wa Takeda walibeba bendera zenye picha ya tandu) na kila mmoja anataka jibu: tusogee, turudi, tumsaidie nani? Mtu wa kivuli hawezi kujibu. Akinyamaza, maofisa wanashtuka. Akijibu ovyo, watu wanakufa. Kwa hiyo lazima awepo nyuma yake mtu mwenye akili ya vita wa kumnong'oneza, na wasaidizi wote wa karibu wajue siri. Ukihesabu walinzi, waandishi, waganga, wapishi na mabibi, siri imeshakuwa ya kijiji.

Kurosawa alilijua hili. Katika filamu mtu wa kivuli haumbuliwi na majasusi. Anaangushwa na farasi wa marehemu, kisha mabibi wanatazama mwili wake na kukuta hana kovu la vita.

Mleta Mada

Basi Fundi umenisaidia. Kama vitu vitano vinatosha, uwanjani ingekuwa rahisi kuliko sebuleni. Kwenye vita vya nne vya Kawanakajima, 1561, inasimuliwa Kenshin alimvamia Shingen na upanga, Shingen akakinga kwa kipepeo chake cha chuma. Wengine husema aliyekinga alikuwa mtu wa kivuli, na masimulizi ya upande wa Uesugi yanasema hata aliyevamia hakuwa Kenshin bali mtu wake, Arakawa. Vivuli viwili vinapigana!

Mchimba Nyaraka

Au hakuna aliyepigana na yeyote. Ukiona kisa kinahitaji vivuli viwili ili kisimame, shuku kisa.

Fundi Deraya

Mleta Mada, uwanjani ndiko kuna tatizo baya zaidi, na sijui kwa nini mashabiki hawalitaji. Mtu wa kivuli akiuawa mbele za watu, nini kinatokea?

Adui anainua kichwa juu ya mkuki na kupaza sauti: nimemuua fulani! Askari wako, ambao hawajui siri, wanasikia pia. Kwenye vita vya Okehazama, 1560, mtawala Imagawa Yoshimoto alipokatwa kichwa, jeshi lake lililokuwa kubwa mara kadhaa kuliko la Nobunaga liliacha vita na kurudi nyumbani. Kichwa cha bandia kingefanya kazi ile ile kwa saa ile ya hatari. Ukweli ukija kujulikana jioni, hakuna jeshi tena. Hivyo kumweka mtu wa bandia mstari wa mbele wakati bado unapigania ushindi ni kumpa adui bunduki na risasi.

Kuna wakati mmoja tu ambapo hesabu inakubali: ukiwa umeshashindwa. Hapo jeshi limekwisha sambaratika, kifo cha bandia hakiharibu kitu, na kila dakika adui anayopoteza ni hatua za mkubwa kukimbia. Sasa pangeni visa vinavyosimuliwa kwa uzito mwone vimekaa upande gani.

Mikatagahara, Januari 1573. Shingen amemponda Ieyasu. Natsume Yoshinobu, aliyeachwa kulinda ngome ya Hamamatsu, anatoka mbio, anamkuta bwana wake anataka kurudi kufia uwanjani. Anageuza farasi wa Ieyasu kuelekea ngomeni, anampiga farasi matakoni kwa mkuki, kisha yeye na wapanda farasi wachache wanawarukia Takeda akipiga kelele kwamba yeye ndiye Ieyasu. Akafa. Ieyasu akaishi miaka 43 zaidi na kuwa shogun.

Yoshino, 1333. Ngome inaanguka. Murakami Yoshiteru anaomba deraya ya mwanamfalme Moriyoshi, anapanda juu ya lango, anajitangaza kuwa ndiye mwanamfalme na kujipasua tumbo maadui wakitazama. Mwanamfalme anapenya upande mwingine. Milima hiyo hiyo ya Yoshino, zaidi ya karne moja nyuma, Satō Tadanobu anasimuliwa kubaki nyuma kwa jina na silaha za bwana wake, jemadari Minamoto no Yoshitsune.

Vyote vitatu ni vya kukimbia. Na katika vyote hakuna aliyetafutwa kwa kufanana sura, wala kufunzwa kwa miezi. Ni mtumishi aliyekuwa karibu, kwa nusu saa.

Mchimba Nyaraka

Hoja nzito, naikubali nusu. Cha Yoshiteru kimo katika Taiheiki, na cha Tadanobu katika Gikeiki, vitabu vilivyosomwa kwa sauti mbele ya hadhira. Mtumishi anayekufa kwa jina la bwana ni kisa ambacho bwana yeyote angelipa kisimuliwe. Cha Natsume nakipa uzito zaidi, kwa sababu huyu alikuwa amemuasi Ieyasu kwenye maasi ya kidini ya Mikawa ya mwaka 1563 na akasamehewa. Msimuliaji wa kubuni angechagua mtu msafi zaidi.

Mpenda Masimulizi

Naingilia upande wa hadithi, maana mnaudharau ilhali ndiko picha tuliyonayo vichwani ilikotoka.

Mzizi wake ni wa kale. Taira no Masakado aliyeuawa mwaka 940 baada ya kujitangaza mfalme mpya anasimuliwa kuwa na wenzake sita wa kufanana naye, hata maadui wakaona Masakado saba. Adui yake Fujiwara no Hidesato akamgunduaje? Mmoja tu kati ya saba alikuwa na kivuli. Tazameni utani wa lugha: leo mtu wa bandia ndiye anaitwa kivuli, na zamani mtu wa kweli ndiye aliyekuwa nacho.

Idadi hiyo ya saba inarudi kwa jemadari Sanada Yukimura, aliyekufa Osaka mwaka 1615. Wasimulizi wakampa watu wa kivuli saba waliotokea kila kona ya uwanja. Kikosi chake chote kilivaa deraya nyekundu, na nadhani wekundu ule katika moshi ndio uliowazaa hao saba. Kisha mwaka 1911 vikaanza kutoka vijitabu vya bei nafuu vya Tachikawa Bunko, Osaka, vikaeneza mashujaa kumi wa Sanada na ninja wao Sarutobi Sasuke. Mkiona ukoo wa Sarutobi katika katuni ya Naruto, mjue jina limetoka wapi. Na jutsu (mbinu ya kininja) ya vivuli ya Naruto ni Masakado yule yule aliyezidishwa mara elfu.

Mwaka 1902 Muraoka Soichirō alitoa kitabu kinachodai Ieyasu mwenyewe alibadilishwa ujanani na mtu mwingine akatawala kwa jina lake. Wanahistoria hawakukikubali. Riwaya ya Ryū Keiichirō ya miaka ya 1980 ikahamishia badiliko hilo Sekigahara, mwaka 1600: Ieyasu anauawa asubuhi ya vita na mtu wa kivuli anaendelea. Kumbukeni onyo la Fundi. Mwandishi alilazimika kumpa mtu wa kivuli akili kubwa ya vita, la sivyo riwaya ingekufa ukurasa wa hamsini.

Mleta Mada

Nakubali uwanjani nimeshindwa. Ila sebuleni bado nimo. Mkoa wa Yamato, 1550: mtawala Tsutsui Junshō anakufa, mrithi wake Junkei ana miaka miwili. Wanamtafuta kipofu aitwaye Mokuami mwenye sauti kama ya marehemu, wanamlaza kwenye chumba chenye giza, wageni wanamsikia kutoka mbali. Mambo yalipotengemaa akarudishwa alikotoka, na Wajapani hadi leo mtu akirudi sifuri baada ya kupanda husema amekuwa Mokuami wa zamani.

Fundi Deraya

Hiki ndicho kisa chenye ufundi kuliko vyote. Giza linaondoa uso, kitanda kinaondoa mwendo na kimo, ugonjwa unaeleza kwa nini hatoi maamuzi, inabaki sauti peke yake, na sauti ndiyo wanayo. Upande wa Shingen sahihi 800 zilifanya kazi hiyo hiyo: zilipunguza haja ya mtu kuonekana.

Mchimba Nyaraka

Na ni kisa cha asili ya msemo, ambao una maelezo mengine pia. Misemo hupenda kujitafutia baba baadaye.

Mpenda Masimulizi

Na watu wa kivuli wa nyasi je? Ngome ya Chihaya, 1333, jemadari Kusunoki Masashige alitengeneza sanamu 20 hadi 30 za kimo cha mtu, akazivisha deraya, akazipanga usiku chini ya ngome nyuma ya ngao. Alfajiri askari wake wakapiga kelele, adui akazikimbilia, mawe makubwa yakaporomoshwa. Taiheiki inasema 300 walikufa papo hapo.

Fundi Deraya

Idadi siiwekei dhamana, mbinu naiamini. Sanamu haiulizwi swali na mjumbe, na ikianguka hakuna anayekata tamaa.

Mchimba Nyaraka

Kabla hatujafunga kurasa: mnasahau mwisho wa mnyororo, ukaguzi wa vichwa. Kichwa kilioshwa, kikachanwa nywele, kikapakwa poda, kikafungwa kibao cha jina, kisha mateka au aliyemjua akaitwa kuthibitisha. Mtu wa kivuli alikuwa na maisha hadi hapo tu. Isipokuwa kichwa kikichelewa. Cha Yoshitsune, 1189, kilisafiri siku 43 majira ya joto, ndani ya pombe ya mchele, kutoka Hiraizumi hadi karibu na Kamakura. Wakaguzi wawili waliotumwa walimkubali. Wasimulizi hawajamkubali hadi leo, na wamemtafutia mtu wa kivuli aliyekufa badala yake.

Mleta Mada

Siku 43 kwenye pombe? Hapo hata mimi ningetilia shaka.