Kwa nini bunduki za M16 zilikwama sana vitani Vietnam?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nimesoma mara nyingi kwamba M16 za mwanzo zilikuwa zikiwakwamia askari wa Marekani vitani Vietnam, hasa mwaka 1966 na 1967. Wapo wanaosema risasi zilishindwa kupanda kutoka kwenye magazini, na wengine wanawalaumu askari kwa kutosafisha silaha zao. Naomba mwenye ujuzi anieleze kasoro ilikuwa wapi hasa.

Jibu la kwanza

Ndugu, kwa kiasi kikubwa tatizo halikuanzia kwenye magazini, bali lilikuwa ganda kung'ang'ania ndani ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) baada ya risasi kufyatuliwa. Kipande cha kuvutia ganda kiliponyoka au kuchana ukingo wake, ganda likabaki pale pale, na risasi iliyofuata ikakuta njia imezibwa. Aliyeitazama bunduki kwa haraka aliona risasi imekwama ikipanda, kumbe chanzo kilikuwa mbele yake. Hapo askari hakuwa na la kufanya ila kupitisha fimbo ya kusafishia kwenye mdomo wa mtutu na kulisukuma ganda lirudi nyuma, huku adui akiendelea kumfyatulia risasi, na wengi hawakuwa hata na fimbo hiyo.

Sababu zilikuwa kadhaa, ila ninayoipa uzito mkubwa ni kubadilishwa kwa baruti. Mhandisi Eugene Stoner aliisanifu bunduki hii kwa kutumia baruti ya aina nyingine, kisha jeshi likaidhinisha baruti ya chembe za mviringo, ambayo iliongeza shinikizo la gesi kwenye tundu la mtutu linalopitisha gesi ya kuendesha mitambo, na kuharakisha mwendo wa mitambo. Kufuli, yaani kipande kinachofunga chemba, likaanza kufunguka mapema, wakati ganda lililotanuka kwa joto bado limebana kuta za chemba. Baruti hiyo pia ilikuwa na kalisi kabonati, ambayo iliacha uchafu mgumu ndani ya bomba la gesi.

Jibu la pili

Naunga mkono, na ninaongeza kwamba chemba hazikuwa zimepakwa kromu, hivyo katika unyevu ule zilishika kutu na kupata vishimo vilivyolishika ganda. Kuwalaumu askari si haki hata kidogo, kwa kuwa walikabidhiwa silaha iliyosifiwa kuwa haihitaji matunzo mengi, na vifaa vya kuisafishia vikawa haba. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ililichunguza suala hili mwaka 1967 na kulikosoa vikali jeshi.

Jibu la tatu

Magazini nayo isisahauliwe. Ilikuwa ya alumini nyepesi, na midomo yake ilipopinda, risasi ilipanda ikiwa imekaa upande. Ndiyo maana askari wengi walijaza risasi 18 badala ya 20 ili springi isibanwe kupita kiasi. Risasi ya AK-47, bunduki ya Kisovieti, kwa upande wake, ina ganda linalopungua unene zaidi kuelekea mbele, kwa hiyo hujinasua kwenye chemba mara tu linapoanza kuvutwa.

Mwuliza swali

Nashukuru sana, ndugu zangu. Je, ni marekebisho gani yaliyofanyika baadaye?

Jibu la kwanza

Chemba ilianza kupakwa kromu, kizuizi cha nyuma kinachopokea kishindo cha kufuli kikabadilishwa ili kupunguza kasi ya mitambo, na vifaa vya kusafishia vikasambazwa pamoja na kijitabu cha katuni kilichofundisha matunzo hatua kwa hatua. Baadaye kromu ilipakwa mtutu mzima, na kiwango cha kalisi kabonati kwenye baruti kikapunguzwa.