Mchezo wa kuigiza kuhusu MV Bukoba: kule kugongwa kwa bati kuwekwe jukwaani?

Wakuu, poleni na majukumu.

Kila Mei 21 ikifika swali hili hunirudia. Kikundi cha sanaa cha mtaani kikiamua kuigiza ajali ya MV Bukoba mbele ya watu wa Mwanza na Kagera, ambao baadhi walizika ndugu zao Igoma na wengine hawakupata hata mwili wa kuzika, ni sawa? Au ni kutonesha kidonda?

Kwa waliozaliwa juzi: meli ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikasafiri usiku kucha, ikapinduka asubuhi ya Mei 21, 1996 wakati Mwanza inakaribia. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili tu ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 894. Lakini wazee wakisimulia, hawaanzi na namba. Wanaanza na meli kuelea ikiwa imebinuka, watu wakiwa hai ndani wakigonga bati, na jinsi ilivyotobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka, ikazama nao.

Mwandishi yeyote wa mchezo atakimbilia hapo. Ngoma moja nyuma ya pazia, ngo, ngo, ngo, ukumbi mzima unalia. Rahisi mno, na ndiyo maana naipinga sehemu hiyo.

Mchezo wenyewe siupingi. Wanaosema msiba hauigizwi wamewasahau watani. Nani hajaona mtani akivaa koti la marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akadai deni la pombe kwa sauti yake, wafiwa wakacheka machozi hayajakauka? Ila angalieni vizuri: mtani humwigiza marehemu alivyoishi. Sijawahi kuona mtani akiigiza mtu anavyokata roho. Na hajialiki; utani ulikuwepo kabla ya msiba.

Kwa hiyo nasema waigize ufukwe. Waigize wanaosubiri meli isiyofika. Waigize karani anayeulizwa jina la abiria wa daraja la tatu na hana karatasi ya kutazama. Hapo pana mchezo mzima: unamliliaje mtu ambaye hakuandikwa popote kwamba alisafiri?

Karibuni, tupingane kwa hoja.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu, hiyo ni hekima ya aliyekaa pembeni. Shangazi yangu alikuwemo, daraja la tatu, na mwili hatukuupata. Mimi nataka watu wasikie kugongwa kwa lile bati, tena kwa muda mrefu, mpaka waone aibu kukaa kwenye viti. Ukiitoa sauti hiyo unawasafisha waliojaza meli. Baada ya 1996 tuliapa basi. Ikaja Spice Islander, meli iliyozama Zanzibar Septemba 2011. Ikaja MV Nyerere, Septemba 2018, kivuko cha watu 101, kikapinduka mita chache kabla ya kufika Ukara, wakafa zaidi ya 200. Machozi ya ustaarabu yametusaidia nini?

MCHANGIAJI WA PILI:
Ugomvi huu ni wa kale kuliko meli za injini. Waathene wa Ugiriki ya kale walimtoza mtunzi wa michezo Phrynichus faini ya drakma 1,000 kwa sababu mchezo wake juu ya kuanguka kwa mji wa Mileto uliwaliza watazamaji wote, na wakapiga marufuku usiigizwe tena. Mimi niko upande wa Phrynichus. Mji wa Mileto haukurudi kwa faini ile.

MTOA MADA:
Mchangiaji wa kwanza, pole sana kwa shangazi. Umenibana, nami sitajifanya sijabanwa.

Nirudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwandishi wa tamthilia Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, huko huko mkoani Mwanza. Wanakijiji waliigiza matatizo yao wenyewe, likiwemo la mabinti kupata mimba, kisha wakayajadili hadharani. Aliyeumia ndiye aliyekuwa jukwaani. Kwa utaratibu huo, ukisimama wewe na wenzako mkagonga bati lenu, naondoa pingamizi na nakuja kukaa mbele. Lakini kikundi kilichoshuka kwenye basi juzi, kina bajeti ya wiki mbili na ripoti ya kuandika, bado nakikatalia. Angalau kiwasomee wafiwa mchezo mzima kwanza, na wakisema onyesho hili litoke, litoke.

Kiingilio ndicho kinanishinda. Wasanii nao wanakula, lakini kumkatia tiketi mama wa Igoma aje kutazama kifo cha mwanawe? Waliowahi kucheza michezo ya namna hii, hilo mlilitatuaje?