Besi inavuma kwenye kochi lakini katikati ya sebule haipo, naomba ushauri

Habari zenu wadau, naomba mnisaidie kabla sijakosana na jirani wa chini. Nilinunua sabwufa (spika ya besi) ya inchi 10 huko Luthuli, Nairobi, nikaiunganisha na risiva (ile mashine inayoendesha spika) kwa ile waya moja ya LFE, yaani ya sauti za chini. Niko Donholm, ghorofa ya tatu, sebule ni kama mita 4.3 kwa 3.2, chini tailisi na kuta ni mawe matupu.

Sasa shida ni hii, nikikaa kwenye kochi ambalo limegusa ukuta wa nyuma besi inavuma noti moja tu mpaka gitaa la besi kwenye rhumba silielewi, lakini nikisimama katikati ya chumba ni kama sabwufa imezimwa. Nimepiga hesabu, urefu huo wa mita 4.3 unaleta wimbi la kujirudia kati ya kuta la karibu Hz 40, naona ndilo linanimaliza.

Kwa risiva, spika zile zingine nimeziweka "ndogo" kwenye mipangilio, krosova (pale sauti za chini zinapokatwa ziende kwa sabwufa) Hz 80, na krosova ya sabwufa yenyewe nimeizungusha mpaka mwisho ili zisikate mara mbili. Fezi (swichi ya kulinganisha mawimbi ya sabwufa na ya spika) nimejaribu 0 na 180, kwa 180 besi inajaa kidogo.

Kuna ile njia ya kuweka sabwufa pale kwenye kochi halafu unatambaa chumbani kutafuta mahali besi imetulia, nani ameijaribu kwa sebule ndogo hivi? Ama nianze na kusogeza kochi mbele? Na kupima, simu itatosha ama nitafute maikrofoni ya kupimia, maana simu nyingi sauti za chini hazizishiki vizuri.

Zulia tafadhali msiniambie, kwa Hz 40 halifanyi kitu.