Ubao wa kupimia samaki umekatiwa VITUNGUU. Hivi mwangalizi melini ni mtu au kiroba?

Mzee_wa_Rula

Wakuu, salamu baadaye. Meli imetia nanga saa mbili zilizopita, simu ndiyo kwanza imeshika mtandao, hata kuoga sijaoga. Nikilala na hili jambo kifuani nitaamka nimepasuka.

Yule jamaa wa jikoni amekatia vitunguu kwenye ubao wangu.

Narudia kwa wenye haraka. UBAO. WANGU. Wa kupimia samaki. Vitunguu.

Jina simtaji, hakuna haja. Kila aliyewahi kupanda meli za jodari upande huu anamjua. Yule anayevaa kofia ya sufu hata jua la saa saba. Yule anayekuita "shemeji" kila akitaka kukuazima kitu kisichorudi. Ee, huyohuyo.

Sasa kwa msioijua kazi. Meli yenye urefu wa mita 24 kwenda juu ikivua jodari Bahari ya Hindi, nchi iliyoipa bendera inatakiwa kuhakikisha angalau asilimia 5 ya mitupo ya meli zake ina mwangalizi. Yalikuwemo kwenye azimio 11/04 la mwaka 2011 la Tume ya Jodari, wale wenye makao yao Ushelisheli. Mwangalizi si polisi. Sikamati mtu, sina pingu, nina penseli. Naandika mshipi umetupwa wapi, ndoano ngapi, nini kimepanda, nini kimerudishwa majini, kasa wangapi, papa wangapi, ndege wangapi. Na kupima. Jodari anapimwa kutoka ncha ya pua mpaka kwenye panda ya mkia. Anapimwa kwa nini? KWA UBAO.

Azimio hilohilo lilisema mwangalizi alishwe na alazwe sawa na maofisa wa meli. Mimi nimelazwa juu ya chumba cha mashine, kitanda kinatetemeka mpaka meno yanapigana, godoro jembamba kama chapati ya mama wa kambo. Nikavumilia. Choo kimoja watu kumi na wanane, nikavumilia. Mtu kachana ukurasa wa fomu yangu akawashia sigara, nikanakili upya, nikavumilia.

Siku ya ishirini na tatu sasa. Tunavuta mshipi tangu saa nane usiku. Kuvuta kwenyewe si mchezo, ni kilomita zaidi ya mia, ndoano kama elfu tatu, mpaka jua linazama bado mnavuta. Anapanda papa mkia mrefu, yule ambaye mkia wake unalingana na mwili. Huyo hata awe mtamu vipi haruhusiwi kubaki melini, anarudi majini. Kwa hiyo nina sekunde chache tu. Nanyoosha mkono nyuma kuchukua ubao: hewa. Nageuka: hewa. Nakimbilia jikoni mabuti yanateleza, namkuta jamaa, kisu mkononi, machozi yanamtiririka, vitunguu vimejipanga kuanzia sentimita 10 mpaka sentimita 65 kama gwaride la Uhuru.

Nikamwambia, bwana, huo ubao wa serikali.

Hata macho hakuinua. Akasema: "Shemeji, mbao si mbao?"

MBAO SI MBAO!

Narudi juu, papa keshaenda zake. Kwenye fomu nimeandika "urefu haukupimwa". Mahali pa sababu niandike nini? Pilau?

Ubao una kovu la kisu pale kwenye sentimita 42. Kila jodari ninayemlaza ananukia sherehe. Mbao si mbao, wakuu. Mtu mzima ananiambia mbao si mbao.

Kibua_Mbichi

Swali moja tu mkuu. Hiyo pilau uliila?

Mzee_wa_Rula

Hilo si swali la msingi.

Kibua_Mbichi

Ameila.

Bint_Mkokotoni

Ameila na ukoko wake.

Mpiga_Mbizi_Mstaarabu

Bila picha hii ni chai. Weka kovu tulione.

Mzee_wa_Rula

Nimeshapiga picha, mtandao wa hapa bandarini haupandishi. Ila kovu lipo, lina kina cha ukucha. Mtu haweki kisu hivyo kwa bahati mbaya. Ile ni nia.

Mzalendo_Dodoma

Mnakumbuka 2018 maofisa wa uvuvi walivyoingia mgahawa wa Bunge na rula, wanapima samaki aliyekwisha kupikwa? Kule rula iliingia jikoni, nchi nzima ikaongea. Kwako jiko limeifuata rula. Ngoma droo, nenda kaoge.

Nahodha_Mstaafu

Kijana, pole. Ila hiyo habari ya kulazwa kama ofisa umeikata katikati. Pana maneno madogo pale: "inapowezekana". Nimekaa baharini miaka mingi, sijawahi kuona siku ilipowezekana.

Mzee_wa_Rula

Shikamoo mzee. Kulala nimesamehe. Lakini ubao wa jikoni ULIKUWEPO! Umetundikwa ukutani, juu ya kichwa chake, mkavu, msafi, unamwangalia! Akauacha akaja kuchukua wangu sitaha!

Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Wako ulikuwa mrefu zaidi, nadhani.

Baharia_Bila_Bima

Ngoja na sisi tuseme maana mmezidi kudeka. Nyie waangalizi mnapanda na mabegi matatu, siku nne za mwanzo mnatapikia ndoo ya chambo, siku ya tano mnauliza mbona chambo kinanuka. Mimi mkataba wangu umeandikwa lugha nisiyoijua, nimetia dole gumba, miezi kumi na moja sijakanyaga nchi kavu. Kasa ana fomu yake. Papa ana fomu yake. Ndege, ambaye si samaki hata kidogo, ana fomu yake. Baharia yuko fomu ipi?

Bint_Mkokotoni

Dah. Hapa uzi umebadilika ghafla.

Mzee_wa_Rula

Pole sana kaka, umesema kweli kabisa. Lakini wewe ubao wako haujakatiwa vitunguu.

Baharia_Bila_Bima

Sina ubao.

Fundi_Kamera

Haya yote yanakwisha siku mkifunga kamera melini. Kamera haili, haitapiki, haihitaji godoro wala ubao.

Kibua_Mbichi

Siku ya kwanza itatundikiwa taulo. Siku ya pili itatundikiwa nguo ya ndani ya nahodha. Mtabaki kuhesabu hizo.

Mzee_wa_Rula

Na kamera itamlaza vipi papa ubavu ampime? Itashika pua na nini?

Fundi_Kamera

Na wewe huyo papa ulimpima?

Bint_Mkokotoni

😂😂😂 Nimecheka mpaka watoto wameamka.

Mshauri_Makini

Utani kando kidogo. 2019 mwangalizi wa Ghana alipotea akiwa kazini melini. 2020 mwenzake wa Kiribati akakutwa amekufa ndani ya meli. Uko peke yako katikati ya watu ambao daftari lako linaweza kuwaharibia safari nzima, na pwani iko mbali. Leo ni ubao, kesho ni wewe. Dai chombo chako mwenyewe cha mawasiliano, usitegemee redio ya nahodha, na kila siku tuma neno nchi kavu hata kama ni "nipo". Tukio lolote liandike siku hiyohiyo.

Mzee_wa_Rula

Asante sana ndugu, hii ndiyo michango. Sasa la vitunguu liende ukurasa upi? Wa vifaa au wa usalama?

Mshauri_Makini

Nimejitoa kwenye uzi.

Sangara_Mweupe

Nyie wa maji chumvi mnalelewa. Sisi Ziwa Victoria, Operesheni Sangara ya 2018, nyavu zilichomwa tunaangalia. Na enzi hizo sangara akiwa chini ya sentimita 50 kosa, akizidi 85 kosa. Yaani tumvue sangara mwenye umbo la bibi harusi tu. Nitamjuaje akiwa bado chini ya maji? Nimuulize?

Kibua_Mbichi

Mlaze kwenye ubao wa mwenye uzi. Ukianza kulia ujue amefika 42.

Mama_Pweza_Kilwa

Na mimi niseme jamani. Maji yakipwa nipo mwambani na kijiti changu, miguu imechanwa na mawe, napata pweza wawili wazuri. Mnunuzi anakuja na mzani wake mwenyewe. Wangu ukisoma kilo mbili, wake unasoma moja na nusu, eti wangu una kutu. Huyo mwangalizi wenu wa asilimia 5 hawezi kuja kusimama na mnunuzi wangu nusu saa?

Sangara_Mweupe

Mama shikamoo. Anzisha uzi wako hapahapa, mwenye huu kalala.

Mzee_wa_Rula

Sijalala.

Mama_Pweza_Kilwa

Marahaba mwanangu. Mwenyewe mnunuzi mnamjua, yule wa pikipiki ya bluu.

Sangara_Mweupe

Yule! Hata huku ziwani tuna wa kwake.

Mpiga_Mbizi_Mstaarabu

Mimi nimerudi kwenye pilau. Kitunguu cha pilau unakatia ubao wa nini? Mama yangu anakikatia mkononi, juu ya sufuria, anaongea na jirani, kisu hakimgusi.

Bint_Mkokotoni

Na kikaangwe mpaka kiwe rangi ya kahawia, siyo pilau za bara nyeupe kama wali wa mgonjwa.

Mzalendo_Dodoma

Bara tumekosa nini tena? Nyie mnaweka viazi.

Bint_Mkokotoni

Viazi ni heshima.

Baharia_Bila_Bima

Melini hakuna viazi. Vilikwisha wiki ya pili. Mwangalizi alivimaliza.

Mzee_wa_Rula

Si mimi. Huyo alikuwa wa safari iliyopita.

Dalali_Pongwe

Samahani kuingilia kati wakuu. Nina mashine ya boti, nguvu farasi 15, imetumika msimu mmoja tu, ipo Tanga. Mwenye boti amehamia kwenye bodaboda.

Sangara_Mweupe

Maji baridi inafaa?

Dalali_Pongwe

Hiyo haichagui maji.

Mama_Pweza_Kilwa

Mizani huna?

Mzee_wa_Rula

Mafuta inakula vipi hiyo mashine? Na bei inazungumzika?

Dalali_Pongwe

Njoo pembeni mkuu.