Tupeane uzoefu: vyakula vya Kikorea vya kugandishwa, wewe unavipikaje?

#1. Mwanzilishi wa uzi, Daejeon

Wanajamvi, salaam. Humu tumo tunaosoma Korea, wengine mko Ghuba na Marekani, na hata huko nyumbani pakiti za Kikorea zimeshaanza kuonekana kwenye friza za maduka makubwa. Naomba tupeane uzoefu wa kuvipika wenyewe: ulijaribu nini, ulikipikaje, na kipi kilikushinda. Naanza mimi.

Baridi yangu ya kwanza hapa nilikuwa naishi goshiwon, vile vyumba vya kitanda na meza, basi. Jiko ni la wote. Mwenye nyumba anaweka wali na kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili), kitoweo ni juu yako. Nikitoka maabara saa tano usiku sina nguvu hata ya kumenya kitunguu, napita duka la kona lisilofungwa. Usiku mmoja nikanunua mandu za mboga. Kwa asiyezijua, ni kinyunya chembamba cha ngano kilichofunga tofu (kama jibini, ila ya soya), kabichi, vitunguu majani na tambi za wanga wa viazi vitamu zilizokatwakatwa. Nyingine huwa na nyama ya kusaga au kimchi.

Nikazipanga kwenye sahani, nikazitia kwenye maikrowevu kavukavu. Zilitoka kingo zimekakamaa kama ngozi ya ngoma, katikati bado barafu. Nikala hivyohivyo huku machozi yananilenga, maana jioni ile nilikuwa nimepiga simu Tanga nikaambiwa wanakula wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Jirani yangu, dada wa Kikorea anayenizidi miaka minne (namwita eonni, ndivyo msichana anavyomwita dada mkubwa), alinikuta pale jikoni. Hakunicheka. Alichukua zilizobaki, akazinyunyizia maji, akafunika kwa bakuli, akanionyesha kwenye pakiti: kuna dakika za maikrowevu ya wati 700 na dakika za wati 1000, ni mistari miwili tofauti. Mimi nilikuwa nimesoma wa 1000 na ya kwetu ni ya 700.

Kesho yake akanifundisha kwa kikaango, na hadi leo ndiyo njia yangu. Mafuta kidogo, mandu zilizoganda zipangwe bila kuyeyushwa, ziache tumbo lipate rangi. Mimina maji kama robo kikombe, funika upesi. Mvuke unaivisha ndani. Maji yakikauka fungua, uziache zilie tena kwenye mafuta dakika moja. Chini zinakuwa kavu na kukatika mdomoni, juu laini.

Mwaka mpya wao wa mwezi, Seollal, alinichukua kwao Chuncheon. Mama yake alikuwa anafunga mandu za supu, anazipanga kwenye sinia bila kugusana, sinia linaingia friza, zikishakuwa ngumu ndipo anazimimina kwenye mfuko. Nilisimama mlangoni nikamwona mama yangu mwezi wa Shaabani na sambusa zake za Ramadhani. Sinia lilelile, mfuko uleule. Tangu siku ile nikisikia mtu anasema chakula cha friza ni cha wavivu, nakataa.

#2. Seoul, mtaa wa Itaewon

Ahsante dada kwa uzi huu. Niongeze la muhimu kwa Waislamu wenzangu, kwa sababu mimi nilikula bila kujua, na iliniuma sana.

Mandu nyingi za hapa zina nguruwe, hata ambazo picha yake ni kimchi tupu. Msitegemee picha. Geuza pakiti, tafuta kijisanduku chini ya orodha ya viungo chenye neno 함유, maana yake "ina". Sheria ya Korea inawataka waandike hapo vitu vinavyoweza kumletea mtu mzio, na nguruwe, ng'ombe na kuku vyote vimo katika orodha hiyo. Nguruwe ni 돼지고기. Hifadhi neno hilo kwenye simu yako, utalilinganisha dukani. Neno jingine ni 주정, kileo kinachotiwa sana kwenye gochujang (rojo ya pilipili ya Kikorea) ile ya dukani ili isichache.

Ila kijisanduku kinakwambia ni mnyama gani, hakikwambii kachinjwaje. Mimi nachukua za mboga au za kamba, za nyama nanunua kwenye maduka ya halali yaliyozunguka msikiti mkuu hapa Itaewon. Msikiti huu umefunguliwa 1976, na kile kilima kina kila kitu, mpaka bamia za kugandishwa.

#3. Muscat

Assalaam aleykum. Sisi huku tuna nafuu, zinazoletwa nyingi zina alama ya halali. Mwanangu wa kike ndiye alieanza, kaona kwenye tamthilia wanakula tteokbokki akanishikilia wiki nzima. Nikamnunulia.

Wanangu, ile kitu yataka subira. Ni vijiti vya unga wa mchele uliopondwa, vinapikwa katika mchuzi mwekundu wa pilipili, mtamu kidogo. Mara ya kwanza nilivitoa friza nikavitia katika maji yanayochemka. Vikapasuka pasuka, ndani vigumu. Mara ya pili niliviroweka kwanza maji ya baridi kama dakika kumi hivi, ndo nikavitia katika mchuzi na moto wa kiasi, nikikoroga visigande chini. Vikatoka laini, vinavutika. Mie nilitia na tui jepesi kukata ule ukali, na mayai ya kuchemsha. Babake alosema hali "mpira" ule, alirudia sahani.

Na jingine: vikishaiva msiviweke katika jokofu la kawaida mkategemea kuvila kesho baridi. Mchele ule ukipoa unakuwa jiwe. Lazima upashwe tena na maji kidogo.

#4. Minneapolis

Mimi ni gimbap. Agosti 2023 maduka ya Trader Joe's ya hapa Marekani yalileta gimbap ya kugandishwa, dola 3.99, video zikasambaa na kwa wiki kadhaa rafu zilikuwa tupu. Nilikwenda mara tatu nikikuta kibao tu. Mara ya nne nikapata mbili.

Ni wali uliokunjwa kwa mwani, ndani karoti, figili ya kuchachua, tofu iliyopikwa na mchuzi wa soya, imeshakatwa vipande. Haina nyama kabisa, na hiyo ndiyo iliyoirahisishia kuingia Marekani, maana masharti ya kuingiza nyama hapa ni mazito. Kwangu ilinifaa. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, mapumziko ni nusu saa, na nilikuwa nimechoka kula mkate.

Dakika mbili za maikrowevu na kitambaa cha karatasi chenye maji juu yake. Ukipunguza, wali unakuwa kama mchele mbichi. Ukizidisha, mwani unalainika unanuka. Wakorea ninaofanya nao kazi huchovya kila kipande kwenye yai wakakaanga, na kusema kweli hiyo ndiyo tamu kuliko zote. Nimeshafanya hivyo Jumapili kwa watoto, wanaita "chapati mayai ya wali".

#5. Nairobi

Nyinyi mnazungumza watu wa huko. Hapa bei inauma. Pakiti moja ya mandu ni karibu nyama ya familia, kwa hivyo mimi hununua mara moja kwa mwezi, siku ya mshahara, tunakula na mke wangu kama sherehe yetu ndogo. Tunazipenda sana za kuku. Siwezi kusema zaidi kwa sababu sijajaribu nyingine.

#6. Dar es Salaam

Uzoefu wangu ni wa umeme. Nilinunua pakiti nne kwa pamoja kwenye duka moja la mjini, kumbe zilikuwa zimeshayeyuka mahali njiani zikagandishwa upya. Nilipofungua, mandu zote zimekuwa donge moja, na barafu nene imejaa ndani ya mfuko. Nikajaribu kuzitenganisha kwa kisu, vinyunya vikachanika. Familia ililala na ugali na dagaa siku ile.

Sasa kabla ya kununua natikisa mfuko. Zikilia kila moja peke yake, ni nzima. Likilia tofali moja, narudisha. Na umeme ukikatika kwangu sifungui friza kabisa, nimewakataza hata watoto. Zikishayeyuka napika zote siku hiyohiyo, naita majirani, sizirudishi.

#7. Mombasa

Swali na tahadhari. Mimi nina presha. Nilikula mandu na ule mchuzi wa pakiti siku tatu mfululizo nikaamka nimevimba miguu. Daktari alinihoji nimekula nini, akaniambia niangalie chumvi. Sasa mchuzi wa pakiti nautupa, natengeneza wangu: siki, tone la soya, ufuta uliokaangwa, pilipili ya kusaga. Na nusu ya sahani naweka sukuma au kabichi. Kuna anayejua za chumvi kidogo?

#8. Mwanzilishi wa uzi, Daejeon

Pole sana mama. Huku ziko pakiti za wali na kidari cha kuku za watu wa mazoezi. Linganisha mstari wa 나트륨 nyuma ya pakiti, hiyo ndiyo sodiamu, uchukue yenye namba ndogo.

Wa Dar, hilo la kutikisa mfuko nimelichukua. Na wa Muscat, tui! Nitajaribu keshokutwa.

Jamani, nami nina swali. Eonni wangu anamaliza masomo mwezi ujao, anahamia Busan kuanza kazi. Nataka nimjazie friza yake ya kwanza. Nimepata manda za mandu, zile za mviringo, nazo zinauzwa zimegandishwa, nimezifunga kwa nyama ya ng'ombe ya halali, kitunguu kingi, giligilani na pilipili manga, nikakunja nusu mwezi. Zipo kwenye sinia sasa hivi. Je, ya duara hii itastahimili mafuta mengi kutoka friza moja kwa moja, au nimwambie azipike kwa mvuke kama za kwao?

#9. Muscat

Zitastahimili mwanangu. Asiyeyushe, ndo zinavyochanika. Mafuta yasiwe ya moto sana, atie chache chache, la sivyo nje zitaungua na ndani kuna barafu. Na wewe kandamiza ukingo kwa uji wa unga, maji matupu hayashiki. Mwekee na ndimu.