Jumatano taoni kwa miguu: gumzo la Ukoo wa Bibi Mwanaisha

Shangazi Rukia: Assalam aleikum jamaa. Tiketi za treni ya kutoka Mombasa nishakata, daraja la kawaida, 1,500 kwa mtu mzima. Twaingia Syokimau Jumatatu usiku inshallah. Fahad na Nuru kila saa waniuliza Nairobi wataona nini. Nami mwajua, shule zafunguliwa karibuni, pesa za kumwaga sina.

Saida: Waaleikum salaam, shikamoo Shangazi. Karibuni sana. Mkishuka Syokimau msiingie teksi. Kuna treni ya kuunganisha inawaleta mpaka stesheni ya taoni. Hamisi atawapokea hapo.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Fahad ataka simba. Nimeulizia gari la kwenda mbugani, bei niliyotajiwa nikanyamaa kimya.

Hamisi: Kukodi gari, dereva, mafuta, halafu kiingilio cha kila kichwa. Pesa zinaisha kabla hamjaona hata swala.

Saida: Nina wazo. Tuchukue Jumatano, tuzunguke taoni kwa miguu. Sehemu nzuri karibu zote ziko mwendo mfupi kutoka moja hadi nyingine, na sisi tunaoishi hapa tunazipita kila siku bila kuinua macho. Ni nani humu hajawahi kusema "tukutane Archives", pale jengo la nyaraka za taifa? Tunasimama pale nje tukingoja watu, tunaangalia simu, tunaondoka. Mlango uko nyuma ya mgongo!

Zuhura: Mimi sijawahi kuingia 🙈 Kwani ndani kuna nini zaidi ya mafaili?

Saida: Zuhura! Ghorofa ya chini ni nyumba ya sanaa ya Murumbi. Joseph Murumbi alikuwa makamu wa rais mwaka 1966. Baba yake Mgoa, mama yake Mmaasai, na maisha yake yote alikusanya vitu vya Afrika: vinyago, silaha, vyungu, vitambaa, mapambo, mpaka stempu. Jengo lenyewe zamani lilikuwa benki. Unatoka Moi Avenue kwenye kelele za makondakta, unapiga hatua chache, umezungukwa na kazi za mikono za bara zima. Kiingilio cha raia ni kidogo. Watoto wetu hawafai kumaliza shule kabla hawajaingia pale, na hilo nalisema kwa moyo wote.

Ami Juma: Saida yuko sawa. Lakini msianzie hapo. Anzieni makumbusho ya reli, nyuma ya stesheni. Mji huu ulizaliwa na reli. Kabla ya reli kufika 1899 hapa palikuwa kinamasi, Wamaasai wakinywesha mifugo.

Fahad: Shikamoo Ami. Treni nitakuwa nishapanda juzi yake 😅 Simba je?

Ami Juma: Marahaba. Simba yuko hukohuko kwenye reli, sikiliza. Mwaka 1900 pale Kima, upande huohuo mtakaopita na treni, kulikuwa na simba mla watu akisumbua stesheni. Afisa wa polisi, Charles Ryall, akasema atamvizia usiku ndani ya behewa na wenzake wawili. Wakapeana zamu. Zamu yake Ryall, usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, na kwa uzito wake behewa likainama, mlango ukajifunga nyuma yake. Mmoja alikuwa amelala sakafuni, mwingine kitanda cha juu, na simba yumo humo ndani nao! Akamkamata Ryall, akatoka naye dirishani. Behewa lenyewe liko pale makumbusho. Ukilitazama dirisha ndipo utajua ukubwa wa jambo.

Fahad: Tuanzie hapo!!!

Nuru: Mimi sitaki kuingia hilo behewa 😭

Shangazi Rukia: Nuru utabaki nami nje, tutazame vichwa vya treni.

Hamisi: Swali la nauli. Tukitoka Buruburu saa moja asubuhi, gari za 58 ziko juu na Jogoo Road imefungana. Tungoje saa tatu ipite, bei ishuke. Na tuondoke taoni kabla ya saa kumi. Mvua ikinyesha tutoke mapema zaidi, mnajua makondakta wakiona wingu.

Zuhura: Nuru tutampakata, halipiwi.

Bibi Mwanaisha: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:48)

Hamisi: Kwa walio kazini: Bibi anasema na yeye anakuja, asiachwe nyumbani kama kiti. Lakini magoti hayawezi mwendo wa makumbusho ya reli. Anauliza kama kuna pahali pa kukaa.

Saida: Shikamoo Bibi, huachwi! Wewe na Ami Juma mje baadaye, tukutane bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Kuna viti, kuna miti, ni pahali patulivu.

Ami Juma: Nitamleta mwenyewe. Na hapo bustanini mnipe dakika zangu na watoto. Siku ile, Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, nilikuwa taoni. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo pale ubalozi wa Marekani. Watu maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia, ndipo bomu lenyewe likalipuka. Hiyo ndiyo sababu wengi walipoteza macho, ni vioo. Jengo la jirani, Ufundi, likaanguka lote. Waliokufa Nairobi ni 213, wengi sana wao Wakenya waliokuwa kazini tu au wakipita njia. Majina yao yameandikwa ukutani. Nataka Fahad ayasome kwa sauti, hata machache. Sitaki mtoto wa nyumba hii apite pale akidhani ni bustani ya kupumzikia tu.

Shangazi Rukia: Allah awarehemu. Atayasoma, Ami.

Zuhura: Amin.

Saida: Kutoka hapo tunapanda na Moi Avenue polepole, mwendo wa Bibi. Tutafika kwenye sanamu ya Tom Mboya, yule waziri. Alipigwa risasi kwenye barabara hiyohiyo 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38 tu. Archives iko hapo karibu, tunaingia. Tukitoka tunavuka kwenda kwa sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Sanamu yake ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Kuzitazama sanamu ni bure.

Shangazi Rukia: Na adhuhuri je?

Saida: Tutaswali Jamia, Shangazi, nimeipanga njia ipite hapo makusudi. Jirani yake ni maktaba ya McMillan, ya mwaka 1931. Mlangoni wamekaa simba wawili wa mawe, Nuru atapiga picha nao bila kuogopa. Zamani Waafrika hawakuruhusiwa kuingia maktaba ile, mwambieni hilo pia.

Hamisi: Chakula? Mikahawa ya hapo katikati itatumaliza.

Shangazi Rukia: Mahamri nitakuja nayo. Zuhura apike mbaazi Jumanne usiku, azitie kwenye chupa pana ya kuhifadhi joto.

Zuhura: Sawa Shangazi. Na mayai ya kuchemsha, na maji ya nyumbani. Tule tukiwa bustanini kama wanaruhusu, la sivyo tutatafuta kivuli.

Saida: Mwisho ni KICC, lile jumba la mikutano, ghorofa 28, imesimama tangu 1973. Lifti inakupandisha karibu hadi juu, zinabaki ngazi. Fahad, ukisimama upande wa kusini utaiona mbuga ya wanyama kwa mbali. Bibi atatungoja chini uwanjani na Ami.

Bibi Mwanaisha: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Hamisi: Anasema atapanda. Lifti haina magoti.

Saida: Haya Bibi, tutapanda sote 😂 Sasa ya muhimu. Watu wazima bebeni vitambulisho, raia analipa nafuu kuliko mgeni. Sehemu nyingi za serikali hazipokei noti, ni eCitizen kwa simu, kwa hivyo mimi nitalipa vyote kwa pamoja. Simu zikae mfukoni mkitembea, picha tupige tukiwa tumesimama kikundi. Vukeni kwenye alama za barabarani, msikimbiekimbie mbele ya magari. Mchango ni 800 kwa mtu mzima, hiyo ni viingilio na nauli ya kwenda na kurudi. Ikibaki tunagawana.

Hamisi: Nimetuma 1,600, yangu na ya Bibi.

Ami Juma: Nimetuma.

Zuhura: Yangu kesho jioni, mshahara haujaingia.

Shangazi Rukia: Nimetuma 800 na mia mbili za juu za mayai. Yaonyesha jina lako, Saida?

Saida: Imefika, Shangazi. Safari njema Jumatatu, mkifika Mtito Andei mniandikie.