Ashramu za India: ziwatoze wageni bei ya chumba, au zibaki na sanduku la sadaka?

Msafiri wa Kusini (mleta mada)

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Vijana wetu wengi wanasoma Bengaluru, Pune na Chennai, na ndugu zetu wengine wanakwenda Chennai na Vellore kusindikiza wagonjwa. Likizo ikifika, au ndugu akikosa pa kujishikiza, ushauri unaozunguka siku hizi ni mmoja: nenda ashramu. Kitanda kipo, chakula cha mboga kipo, na hakuna atakayekudai hela mlangoni.

Ushauri huo ni kweli kwa baadhi ya ashramu tu. Kwa asiyezijua, ashramu ni makazi ya mwalimu wa dini ya Kihindu na wanafunzi wake. Mara nyingi mwalimu mwenyewe keshafariki miaka mingi, kaburi lake ndilo kitovu cha ibada, na wageni wanaendelea kumiminika. Ya Ramana Maharshi iko Tiruvannamalai, Tamil Nadu, chini ya mlima Arunachala. Alifika pale mwaka 1896 akiwa na miaka 16, hakuondoka tena mpaka alipofariki Aprili 1950. Hadi leo ashramu yake haitozi chumba wala chakula. Unaandika mapema kuomba nafasi, wakikukubali unapewa siku chache, na ukiondoka unatoa ulicho nacho au hutoi.

Mlo wa mchana pale ndio ulionifanya nilete mada. Kabla wageni hawajaingia bwaloni, maskini na watawa wanaozunguka mlimani wanalishwa kwanza. Kisha kengele inalia, mnakaa sakafuni kwa mistari, kila mtu na sahani yake ya majani, na watu wenye ndoo wanapita haraka kweli kweli: wali, sambaru (mchuzi wa dengu), rasamu (supu nyepesi ya viungo), mtindi mwepesi. Usipowahi kuziba jani kwa kiganja umeshamiminiwa tena, na kubakiza ni aibu. Tajiri aliyekuja na dereva wake yuko goti kwa goti na mwanafunzi anayehesabu nauli ya basi. Hakuna anayejua nani katoa nini.

Sasa weka bei ya chumba hapo. Kesho yake mgeni ataanza kuuliza maji ya moto, ataulizia Wi-Fi, atanuna kwamba wasomaji wa Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu, wamemwamsha. Rishikesh yapo majengo kibao yanayojiita ashramu yenye orodha ya bei kwa dola, kozi ya ualimu wa yoga ya saa 200 na cheti mkononi. Hizo ni hoteli zisizouza nyama. (Nyama na pombe ni marufuku mji mzima hata hivyo, kwa hiyo anayefikiria chipsi kuku apange safari nyingine.)

Msimamo wangu: chumba cha ashramu kisiwe na bei. Asiyeweza kuishi kwa masharti ya nyumba akalale lojing'i. Karibuni.

Kibubu

Mleta mada, umeandika vizuri ila unatuuzia ndoto. Mchele hauoti kwenye ndoo. Kuna mtu amelipia, na mara nyingi ni muumini aliyetoa kwa nia ya ibada. Wewe unayekwepa hoteli unakula sadaka yake halafu unatuhubiria usawa.

Bei ina uaminifu wake. Nenda Kerala, ashramu ya Sivananda iliyoko Neyyar Dam, iliyofunguliwa miaka ya sabini. Bei iko wazi kabla hujatoka nyumbani. Unalipa, na bado unaamshwa kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, unakwenda kwenye tafakuri na nyimbo, unakula mara mbili tu, saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kuhudhuria ni lazima. Huwezi kusema nimelipa nataka kulala. Kwa hiyo hilo la bei kuua nidhamu limekufa hapo hapo.

Halafu sadaka ina mwenyewe. Gandhi alipofungua ashramu yake ya kwanza ya India mwaka 1915, pale Kochrab, Ahmedabad, aliipokea familia moja ya waliotengwa na tabaka. Wafadhili wakakata misaada, nyumba ikakaribia kukauka kabisa. Ikaokolewa na tajiri mmoja aliyekuja na gari, akamkabidhi rupia 13,000 na kuondoka zake. Nakuuliza: kama yule tajiri asingetokea? Nyumba inayoishi kwa sanduku inaishi kwa hisia za anayetia hela sandukuni.

Binti wa Kisutu

Habari zenu. Mimi ni Mhindu, nimezaliwa Dar, na nimelala sehemu hizi tangu nikiwa mdogo nikiongozana na bibi. Naona mnachanganya nyumba mbili. Dharamshala ni nyumba ya mahujaji: unaweka mzigo, unaoga, unakwenda hekaluni, unaondoka. Huko kulipa kidogo ni kawaida tangu zamani na hakuna anayekuuliza umeamka saa ngapi. Ashramu ni mahali pa kukaa chini ya nidhamu ya mtu fulani. Anayetafuta kitanda cha bei nafuu aulize dharamshala, wala hakuna haja ya kujifanya anatafakari.

Kuhusu sadaka, someni habari za Virpur, Gujarat, kwa Jalaram Bapa. Walohana, jamii ya wafanyabiashara wa Kihindi wa Afrika Mashariki, wanamjua, picha yake mzee wa kilemba na fimbo iko kwenye maduka mengi tu. Yeye na mkewe Virbai walianza kulisha wapita njia mwaka 1820, na watu wanalishwa hadi leo. Tarehe 9 Februari 2000 wakasitisha kupokea sadaka. Fedha hawapokei, dhahabu hawapokei. Bibi alikuwa amebeba bahasha za majirani wa mtaa mzima, kila moja na jina juu, nyingine zimeshonewa ndani ya pochi. Tulipofika akaambiwa arudi nazo. Alikasirika! Njia nzima ya kurudi Rajkot analalamika atawaambia nini watu. Nilijifunza pale kwamba kuna wanaoona kunyimwa nafasi ya kutoa ni adhabu kubwa kuliko kutozwa.

Kwa hiyo Kibubu, usimwonee huruma muumini anayemlisha mwanafunzi wa Kitanzania. Anakitaka hicho.

Kibubu

Dada, Virpur nakubali ni ya kipekee. Lakini miaka mia na themanini ya kupokea ilitangulia ile siku ya kukataa. Ashramu changa ya jana itakataa kwa mtaji gani?

Mlokole wa Mbeya

Mnabishana bei wakati suala ni imani. Mkristo anafanya nini kwenye nyumba ya ibada ya miungu mingine, anakula chakula kilichotolewa kwanza mbele ya sanamu? Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya jambo hili hili. Tusije tukauza wokovu kwa sababu ya kitanda cha bure.

Msafiri wa Kusini

Mtumishi, hoja yako ni ya haki na siipuuzi. Ila Paulo huyo huyo aliandika pande mbili: sura ya 8 anasema chakula chenyewe hakituongezei wala hakitupunguzii mbele za Mungu, angalia tu usimkwaze ndugu dhaifu; sura ya 10 anaonya kuhusu meza mbili. Kila mtu ajipime. Kwenye ashramu niliyoitaja hakuna aliyenilazimisha kuinama popote. Nilikaa ukumbini kimya kama wengine, nikatoka. Ila usiingie nyumba ya watu na kuanza kuwahubiria. Zaidi ya ukosefu wa adabu, viza ya utalii ya India hairuhusu umisionari.

Na ndiyo maana nasema masharti kwanza. Dhamiri yako ikikataa, lojing'i ipo, hakuna aliyekutukana.

Mzee wa Makadara

Vijana, sisi wa pwani tuna neno: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapo kwenye jembe ndipo penye jawabu. Kule Amritapuri, ashramu ya Mata Amritanandamayi huko Kerala, wageni wanaombwa kutoa muda wao: kuosha vyombo, kukata mboga, kuchambua taka. Wao huita seva. Chumba pia kina malipo, nisiwadanganye, lakini nilivyoona mimi kazi ndiyo inayowajenga watu. Mzungu na shahada zake anasugua sufuria kubwa ambalo mtoto anaweza kuogea. Gandhi naye kwake Sabarmati, ashramu yake iliyofuata ile ya Kochrab, kila mtu alisokota nyuzi na kusafisha vyoo, mwenye nacho na asiye nacho.

Wanangu, mbona hamsemi habari ya kufanya kazi? Mmoja anataka kulipa, mwingine anataka bure.

Kibubu

Shikamoo mzee. Umenishika pabaya hapo. Ila mgonjwa au mama mwenye mtoto mchanga utampa jembe lipi?

Mzee wa Makadara

Marahaba. Huyo atamenya vitunguu swaumu amekaa. Au alale, tutamenya sisi.

Nesi Mstaafu

Naona wanaume mmejaa humu, acheni niseme la kwetu. Nimesindikiza wagonjwa India kwa miaka mingi na wasichana wananiuliza kuhusu ashramu. Jambo la kwanza ninalowaambia halihusu hela. Asaram, guru (mwalimu wa dini) mwenye ashramu kila kona ya India na wafuasi wasiohesabika, alikamatwa mwaka 2013, na Aprili 2018 mahakama ya Jodhpur ikamhukumu kifungo cha maisha kwa kumbaka binti wa miaka 16. Wazazi wa binti walikuwa waumini wake. Mwaka 2023 akahukumiwa tena kifungo cha maisha kwa kesi nyingine, Gujarat. Watu walimpa sadaka kwa moyo mweupe kabisa, na moyo mweupe haukumlinda yule mtoto.

Kwa hiyo sikilizeni. Kisheria, nyumba yoyote ya India inayomlaza mgeni wa nje, iwe hoteli au ashramu, inatakiwa kumripoti serikalini ndani ya saa 24. Huiita Fomu C. Ikikupokea bila kutaka pasipoti na viza, ondoka, maana hakuna karatasi inayoonyesha kwamba ulilala pale. Ukiambiwa guru anataka kukuona peke yako usiku, hakuna baraka ya namna hiyo. Kagua komeo la mlango kabla hujakagua godoro. Ninazozipendekeza mimi ni zile ambazo guru keshafariki, zinaendeshwa na bodi na zina ofisi yenye saa za kazi. Zinaboa, na ndivyo ninavyotaka.

Kwenye bei: mimi naitaka risiti. Iwe ya malipo au ya sadaka, lakini jina langu liwe kwenye daftari la mtu.

Msafiri wa Kusini

Nesi, hapo kwenye risiti nakubaliana nawe asilimia mia, na Fomu C ningepaswa kuiweka juu kabisa.

Kibubu, nikujibu la uaminifu wa bei. Hata sheria ya kodi ya India imeshachora mstari. Chumba kilicho ndani ya eneo la ibada la taasisi ya dini iliyosajiliwa hakitozwi GST, kodi yao inayofanana na VAT yetu, mradi bei iwe chini ya rupia 1,000 kwa siku. Ikifika 1,000, kodi inaanza. Mwaka 2022 zilipigwa kelele kubwa kuhusu nyumba za mahujaji wa Masingasinga zilizo karibu na Hekalu la Dhahabu kule Amritsar, ikabidi serikali ifafanue kwamba msamaha uko pale pale. Maana yake hata mtoza ushuru anajua kwamba mahali fulani ukarimu unageuka biashara. Mimi naona unageuka mapema kuliko rupia 1,000, ndiyo tofauti yetu.

Na mfano wa Neyyar Dam ni mzuri, lakini ile ni shule. Watu wanakwenda kufundishwa, mwalimu alipwe. Linganisha na ya Swami Sivananda mwenyewe pale Rishikesh. Alikuwa daktari, alifanya kazi Malaya miaka kumi hivi, akarudi na kuanza kutibu watu bure kando ya Ganges. Mwaka 1936 akaanzisha shirika lake, Divine Life Society. Ukumbini kwao kuna wimbo wa sala ulioanza Desemba 1943 na haujakatika: usiku na mchana yupo mtu anauimba, wanapokezana zamu. Kitu kama hicho utakipangia bei gani? Upande wa pili wa mji kuna magofu ya ashramu ya guru Maharishi Mahesh Yogi, walikokaa wanamuziki wa Beatles mwaka 1968, na huko ndiko unakokata tiketi mlangoni, mgeni kwa bei kubwa kuliko Mhindi.

Kibubu

Tiketi ile ni ya hifadhi ya wanyama, usiwasingizie marehemu. Serikali ndiyo inayokata.

Bado hujanijibu jambo moja. Tamasha la Deepam, moto ule unaowashwa juu ya Arunachala mwezi wa Novemba au Desemba, watu wanafurika Tiruvannamalai wote wanataka kulala. Vyumba vya ashramu ni vile vile. Bei ingekuwepo ningejua nimekosa kwa sababu sina hela. Bila bei, anayechagua nani alale ni karani wa ofisini. Na sote tumekulia nchi zenye makarani.

Binti wa Kisutu

Wanawapa kipaumbele waumini wao wa miaka mingi, na sioni dhambi. Harusi ya kwenu unawalaza shangazi kwanza.

Kibubu

Shangazi sawa. Na rafiki wa karani je?

Msafiri wa Kusini

Huyo yupo hata kwenye hoteli yenye bei, mkuu, tena analala bure. Nitafungua mada nyingine ya makarani. Humu bado nasubiri mtu aliyewahi kuombwa hela kwa nguvu kwenye ashramu inayojitangaza kuwa ya sadaka aje aeleze ilikuwaje, bila kutaja jina la nyumba.